Gesi ya Ethiopia, Majina ya Kivu

Anayetoka Mudaka kushuka Bukavu, awe amebeba mihogo ya kuuza au barua ya kupeleka ofisi ya jimbo, analijua jina la Saïo. Ndiyo kambi ya jeshi ya mjini. Wachache huuliza jina hilo lilitoka wapi. Saïo ulikuwa mji wa milimani magharibi mwa Ethiopia, ambao leo unaitwa Dembidollo. Huko, tarehe 3 Julai 1941, askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Congo, walipokea silaha za Jenerali Pietro Gazzera wa Italia, mtu aliyewahi kuwa waziri wa vita katika serikali ya Mussolini. Askari hao walikuwa wamevuka Sudani, wakaiteka Asosa na Gambela mwezi Machi, wakavumilia njaa na homa ya mvua hadi jenerali huyo akasalimu amri.

Ushindi ule ulipewa kambi, barabara na medali. Kuna jambo moja ambalo halikupewa chochote. Jeshi lililosalimu amri Saïo ndilo lililokuwa limemwaga sumu kutoka angani juu ya wakulima, wachungaji, wanawake waliokwenda mtoni na majeruhi waliolala kwenye mahema ya Msalaba Mwekundu. Ushahidi ulikuwepo, na majina ya waliotoa amri yalijulikana. Hadi mtuhumiwa wa mwisho anakufa, hakuna hata mmoja aliyesimama mbele ya hakimu kujibu kwa ajili ya gesi hiyo.

Sisi wa Kivu, tulio na hesabu yetu isiyolipwa, tuna sababu ya kuijua historia hiyo hatua kwa hatua.

Sheria ilikuwepo

Wakubwa wa Italia hawakuweza kusema kwamba hawakujua. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, ambamo gesi iliua na kupofusha askari wengi huko Ulaya, mataifa yalikutana Geneva na tarehe 17 Juni 1925 yakatia sahihi itifaki ya kupiga marufuku matumizi ya gesi za sumu vitani. Italia iliidhinisha itifaki hiyo mwaka 1928. Ethiopia ilijiunga nayo mwaka 1935, mwaka uleule iliposhambuliwa.

Mussolini alitaka himaya, na pia alitaka kulipiza kisasi cha Adwa, ambako Machi 1896 jeshi la Mfalme Menelik lilikuwa limewashinda Waitalia. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi yake yalivuka mpaka kutoka Eritrea, na mengine chini ya Rodolfo Graziani yakashambulia kutoka Somalia. Ushirika wa Mataifa, mtangulizi wa Umoja wa Mataifa, uliitaja Italia kuwa mchokozi na kuiwekea vikwazo. Mafuta hayakuwekwa katika orodha ya vikwazo hivyo, na Mfereji wa Suez ulibaki wazi kwa meli za Italia. Mussolini alielewa kwamba dunia itapiga kelele bila kumzuia, mradi amalize vita haraka.

Haraka hiyo ndiyo iliyoleta gesi. Tarehe 27 Oktoba 1935, vita vikiwa havijatimiza mwezi, Mussolini alimpelekea Graziani simu ya maandishi ya kumruhusu kutumia gesi. Tarehe 28 Desemba alimruhusu Marshal Pietro Badoglio, kamanda wa upande wa kaskazini, kutumia gesi ya aina yoyote na kwa kiwango chochote. Simu hizo hazikuchomwa moto. Zilikaa katika makabati ya Roma, na miaka mingi baadaye ndizo zilizowaumbua wenyewe.

Mapipa kutoka angani

Katika juma la Krismasi la 1935, majeshi ya Ras Imru, mmoja wa makamanda wa Ethiopia, yalikuwa kando ya mto Takkaze. Ndege zilikuja kama kawaida, watu wakajificha wakingoja milipuko. Safari hii vilianguka vyombo vilivyopasuka na kurusha maji yasiyo na rangi. Ras Imru alisimulia baadaye jinsi watu walioguswa na maji hayo walivyoanza kulia kwa uchungu, ngozi ikivimba malengelenge mikononi, miguuni na usoni, na jinsi waliokwenda mtoni kutuliza moto huo walivyokunywa maji yaliyokwisha kutiwa sumu.

Sumu hiyo ilikuwa iperiti, ambayo wengi huiita gesi ya haradali, ingawa kwa kweli ni kioevu chenye mafuta. Bomu lake kubwa, la aina ya C.500.T, lilibeba zaidi ya kilo 200 za iperiti na kupasuka likiwa bado juu, ili matone yatawanyike kama mvua. Tone moja huunguza ngozi, huharibu macho, na likivutwa ndani huchoma mapafu. Hukaa kwenye majani na udongo kwa siku kadhaa. Mtu anayetembea bila viatu, na wakulima wengi wa Tigray na Wollo hawakuwa na viatu, aliipata miguuni muda mrefu baada ya ndege kuondoka. Ng'ombe waliipata kwa kula majani. Kinyago peke yake hakingetosha kumkinga mtu, na hata vinyago vyenyewe vilikuwa vichache.

Waitalia walikuja kutumia pia unyunyiziaji, ndege zikifuatana na kuacha ukungu mzito juu ya vijiji, malisho na mito. Majeshi ya Mfalme Mkuu Haile Selassie yalipovunjika Maychew mwishoni mwa Machi 1936, yalifuatwa na mabomu na gesi hadi kandokando ya Ziwa Ashenge. Kwa jumla Italia ilitumia mamia ya tani za sumu katika vita hivyo.

Gesi haikukoma Addis Ababa ilipotekwa tarehe 5 Mei 1936. Iliendelea dhidi ya wapiganaji wa msituni na familia zao. Aprili 1939, katika milima ya Menz, mamia ya watu, wakiwemo wanawake na watoto, walikimbilia pango la Zeret. Jeshi la Italia lilitumia sumu dhidi ya pango hilo, na wanaume waliotoka kusalimu amri wakapigwa risasi.

Waliandika walichokiona

Jinai hii ilijulikana tangu siku za mwanzo kwa sababu madaktari walikuwepo. Timu za Msalaba Mwekundu kutoka Sweden, Uingereza na kwingineko zilitibu majeruhi karibu na mstari wa mbele. Daktari John Macfie wa timu ya Uingereza aliandika kuhusu wagonjwa waliokuja wakiwa na majeraha ya kuungua ambayo hayakuweza kutokana na bomu la kawaida. Marcel Junod, mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, aliwaona watu wa namna hiyo kwa macho yake karibu na Korem. Tarehe 30 Desemba 1935 ndege za Italia zilipiga hospitali ya Wasweden huko Melka Dida, upande wa kusini. Wagonjwa wengi waliuawa, na daktari mkuu Fride Hylander akajeruhiwa.

Italia ilijibu kwa njia ambazo watu wa Kivu wanazifahamu vizuri. Kwanza ilikana. Kisha ikasema wenye makosa ni Waethiopia, kwamba wanatumia risasi za kupasukia mwilini na kuficha silaha chini ya alama ya msalaba. Hatimaye, gesi ilipokuwa haiwezi kufichika tena, ikasema ilikuwa kisasi cha kuuawa kwa rubani Tito Minniti, aliyeanguka mikononi mwa wapiganaji wa Ogaden mwishoni mwa Desemba 1935.

Utetezi huo ulianguka kwa tarehe. Minniti aliuawa baada ya Krismasi. Mapipa ya Takkaze yalikuwa yameanguka kabla yake, na ruhusa ya Mussolini kwa Graziani ilikuwa na umri wa miezi miwili. Aliyeandika siku, mahali na idadi ya majeruhi aliufunga mlango wa uongo miaka mingi kabla ya wanahistoria kufika.

Hata hivyo, makaratasi ya madaktari hayakufika yote mahali yalipohitajika. Ushirika wa Mataifa ulipoiomba Kamati ya Msalaba Mwekundu taarifa zake mwaka 1936, Kamati ilikataa kuzitoa, ikisema itapoteza msimamo wake wa kutoegemea upande wowote. Junod alikuja kuyaeleza mambo hayo hadharani katika kitabu chake, wakati vita vingine vikubwa zaidi vilikuwa vimekwisha kupita.

Filimbi Geneva

Tarehe 30 Juni 1936 Haile Selassie alisimama mbele ya Ushirika wa Mataifa mjini Geneva. Waandishi wa habari wa Italia walimpigia filimbi na kumzomea mpaka wakatolewa nje. Alizungumza kwa Kiamhari. Alieleza jinsi mashine za kunyunyizia zilivyofungwa kwenye ndege, jinsi ndege zilivyopita kwa makundi ili ukungu uwe shuka moja isiyokatika, na jinsi sumu ilivyomwagwa juu ya watu, wanyama, mito na mashamba. Aliyauliza mataifa yaliyoahidi usalama wa pamoja ni jibu gani atakalowapelekea watu wake.

Jibu lilikuja mwezi Julai, vikwazo dhidi ya Italia vilipoondolewa.

Afrika Mashariki haikunyamaza. Jomo Kenyatta, akiwa London, alikuwa katibu wa chama cha marafiki wa Uhabeshi ambacho C. L. R. James alikiongoza. Wakimbizi wa Ethiopia walivuka mpaka na kuwekwa kambini Isiolo, Kenya. Miaka michache baadaye upepo uligeuka, wafungwa wa vita wa Kiitalia wakaletwa Kenya kujenga barabara, na mwaka 1942 wakajenga kanisa dogo la Mai Mahiu ambalo wasafiri wa Bonde la Ufa hulipita hadi leo. Wafungwa hao walikuwa askari wa kawaida. Waliotia sahihi amri za gesi walikuwa kwao, na mmoja wao alikuwa anakaribia kuwa waziri mkuu.

Orodha ya watu 10

Huyo alikuwa Badoglio. Mussolini alipoangushwa mwaka 1943, mfalme wa Italia alimkabidhi Badoglio serikali, naye akasalimu amri kwa Waingereza na Wamarekani. Kuanzia hapo washindi walimhitaji. Oktoba mwaka huohuo Tume ya Umoja wa Mataifa ya Jinai za Vita iliundwa London, na Ethiopia haikuwa miongoni mwa wanachama wake. Uingereza haikupenda jinai za 1935 na 1936 zifufuliwe. Ilitaka vita vihesabiwe kuanzia 1939, kana kwamba Mwafrika aliyeunguzwa Takkaze alikufa nje ya kalenda.

Ethiopia haikukata tamaa. Ilikusanya picha, simu na shuhuda, ikazichapisha, ikaunda tume yake yenyewe ya jinai za vita. Mkataba wa amani wa Paris wa tarehe 10 Februari 1947 uliilazimisha Italia kuwakabidhi watuhumiwa, na uliiwekea fidia ya dola milioni 25 kwa Ethiopia. Baada ya kupunguza madai yake, Addis Ababa ilipeleka London orodha ya watu 10, Badoglio na Graziani wakiwa juu. Machi 1948, muda mfupi kabla ya kufungwa kwake, Tume ilikubali kwamba yapo mashtaka ya kujibu.

Baada ya ushindi huo wa makaratasi, kesi haikufunguliwa. Italia ilikataa kumtoa mtu. Uingereza, ikiogopa kwamba kuwashtaki majenerali kungewapa wakomunisti wa Italia nguvu, iliishauri Ethiopia iyaache madai. Haile Selassie naye alikuwa anaitaka Eritrea, na kwa hilo alihitaji kura za mataifa yaleyale. Madai yakafifia. Haki ya waliokufa iliwekwa kwenye mizani pamoja na ardhi, na ardhi ikawa nzito zaidi.

Graziani alihukumiwa mwaka 1950 na mahakama ya kijeshi ya Italia, kwa kosa la kushirikiana na Wajerumani. Alipewa miaka 19, akaachiwa baada ya miezi michache, akafa 1955. Badoglio alikufa 1956 katika kijiji cha Piemonte kilichokwisha kubadilishwa jina kwa heshima yake. Sehemu ya fidia ilijenga bwawa la umeme la Koka. Waliobaki na makovu ya iperiti hawakupata mtu wa kumtazama usoni na kumuuliza kwa nini.

Miaka 60

Italia ilikaa na uongo wake kwa utulivu. Mwaka 1965 mwanahistoria Angelo Del Boca aliandika kuhusu gesi, akaitwa mhaini wa taifa lake. Mwandishi maarufu Indro Montanelli, aliyekuwa ofisa kijana katika vita vile, alisisitiza kwa miaka mingi kwamba hakuiona gesi, hivyo haikuwepo. Mbishi huyo alikuwa na uzito mkubwa kuliko nyaraka, kwa sababu Waitalia wengi walipenda kumsikia.

Del Boca na wenzake, akiwemo Giorgio Rochat, waliendelea kuchimba. Waliipata simu baada ya simu, bomu baada ya bomu, tarehe baada ya tarehe. Februari 1996 waziri wa ulinzi, Jenerali Domenico Corcione, alikiri mbele ya bunge kwamba mabomu na makombora ya iperiti na arsini yalitumika. Montanelli aliomba radhi. Mwaka 2006 mtafiti Matteo Dominioni, akiongozwa na nyaraka za jeshi la Italia, alifika pango la Zeret na kukuta mifupa ya watu bado imelala ndani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Lakini ukweli uliochelewa miaka 60 ulikuta viti vya washtakiwa vitupu. Ndiyo maana mwaka 2012 mji wa Affile, karibu na Roma, uliweza kumjengea Graziani mnara. Hakuna hukumu ya mahakama iliyokuwa imemwita mwuaji wa Waethiopia, basi wapenzi wake wakajiona huru kumwita shujaa.

Kwingineko kuchelewa hakukuwa kama huko. Baada ya Wakurdi wa Halabja kuuawa kwa gesi tarehe 16 Machi 1988, Ali Hassan al-Majid, aliyeongoza mashambulizi hayo, alihukumiwa na mahakama ya Irak na kunyongwa 2010. Frans van Anraat, mfanyabiashara Mholanzi aliyeiuzia Irak kemikali, alifungwa na mahakama za nchi yake mwenyewe. Washtakiwa walikuwa hai, na mashahidi walikuwa hai.

Barabara ya Kavumu

Mwaka 1996, ule ule ambao Roma ilikiri, ndio mwaka wetu. Tarehe 6 Oktoba wagonjwa waliuawa vitandani katika hospitali ya Lemera, alikofanya kazi Daktari Denis Mukwege. Tarehe 29 Oktoba Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Bukavu. Mapema Novemba kambi za wakimbizi wa Rwanda za Inera na Kashusha, kwenye barabara hii hii inayopita Mudaka kwenda Kavumu, zilishambuliwa, na mamia wakauawa. Hapa kwetu haikutumika gesi. Risasi, mapanga na moto vilitosha. Baadaye yakafuata mauaji ya Kasika, Makobola, Mwenga, Katogota.

Tarehe 1 Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti inayojulikana kwa jina la Mapping. Inaorodhesha matukio 617 ya ukatili mkubwa nchini Congo kati ya Machi 1993 na Juni 2003, kila moja na mahali pake na siku yake, baada ya watafiti kuwasikiliza mashahidi zaidi ya 1,200. Majina ya wanaoshukiwa hayakuchapishwa. Yamehifadhiwa kwa siri katika ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu, Geneva, mji uleule alikozomewa Haile Selassie. Mataifa yaliyotajwa yalikana, yakalalamika, mengine yakatishia. Muswada wa kuunda vyumba maalumu vya mahakama nchini Congo haukupita bungeni. Mukwege, aliyepewa Nobeli ya Amani 2018, amekuwa akiidai mahakama hiyo kwenye kila jukwaa.

Wanaosema kwamba haki haiwezekani kwetu waangalie Kavumu, kilomita chache kutoka Mudaka. Kati ya 2013 na 2016 wasichana wadogo wapatao 40 walitekwa usiku na kubakwa. Wazazi walipiga kelele bila kusikilizwa. Ila madaktari wa hospitali ya Panzi, Bukavu, waliandika: jeraha, umri, siku. Mwaka 2017 mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini ilihamia Kavumu yenyewe, ikawasikiliza mashahidi waliofichwa sura, na mwezi Desemba ikamhukumu mbunge wa jimbo, Frederic Batumike, na wenzake 10 kifungo cha maisha kwa jinai dhidi ya binadamu. Mtuhumiwa alikuwa na cheo na kinga. Karatasi za madaktari na ujasiri wa familia vilivishinda vyote viwili, kwa kuwa kesi ilisikilizwa alipokuwa hai na mashahidi wakiwa bado wanakumbuka.

Historia ya gesi ya Ethiopia inatupa masharti mawili. La kwanza, ukweli uandikwe sasa: kijiji, siku, jina la aliyekufa, jina la aliyeona, jeraha alilolikuta mganga. La pili, ukweli huo upelekwe mahakamani kabla wazee wa pande zote mbili hawajazikwa. Ethiopia ilitimiza la kwanza. La pili ilinyimwa na marafiki zake wenye nguvu, na kwa sehemu ililiuza yenyewe.

Serikali ya Congo ina sheria ya fidia kwa waathirika tangu Desemba 2022, lakini fidia bila mshtakiwa ni bwawa la Koka kwa mara nyingine. Wabunge wa Kivu waurudishe muswada wa mahakama maalumu. Umoja wa Mataifa uyatoe majina ya Geneva kwa waendesha mashtaka wanaoweza kuyatumia. Na sisi wa Mudaka, Miti, Kavumu na Kabare nzima tuache kungoja wageni waje kuandika. Kila parokia ina daftari, kila zahanati ina rejista, kila familia ina mtu anayekumbuka. Kaa naye wiki hii, uandike.